Uji Mpaka Ndege Ipite

Ijumaa, 24 Novemba 1961

Ndege mbili leo. Ya kwanza ile Mnene ya Nairobi, asubuhi, magurudumu yameshashuka, imepita juu ya ua wetu hapa Mirongo, Mwanza, chini kabisa, hadi kuku wa Mwanaharusi wakakimbilia uvunguni. Ya pili ni Panzi, kale kandege ka kunyunyizia dawa, kembamba, kelele nyingi kuliko umbo. Mnene na Panzi ni majina yangu mimi. Mwanaharusi, jirani yangu tunayechangia ua, ana majina yake. Mabaya.

Jioni furaha ikaisha. Mama mkwe ameshuka kwenye meli ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe, na kapu jipya mkononi. Nikapiga magoti, shikamoo mama. Marahaba akaitikia, macho yako kwa mwanangu Kija. Akambeba, akampima uzito kwa mikono, akamfunua mdomo kama anayenunua ng'ombe mnadani. Akasema mtoto ana meno ya kutosha kutafuna muwa na bado ananyonya. Aibu hiyo ya nani?

Aibu yangu, nadhani.

Josephat, mume wangu, alinieleza jikoni, akiongea na sufuria badala ya kunitazama. Mama yake amekuja kumchukua Kija, akamwachishe ziwa Ukerewe. Kwao watoto wote waliachishwa hivyo, kwa bibi, mpaka wasahau. Nikauliza kusahau kunachukua muda gani. Akasema yeye alirudi kwao wakati wa kuanza shule.

Mpaka shule! Kija wangu hata miaka miwili hajatimiza!

Mkwe habishiwi, hata kwetu Bujora ni hivyo. Lakini moyo wangu ulikuwa unapiga kelele kuliko Panzi. Nani atajua kwamba Kija halali mpaka ashike sikio la mtu? Meli inarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Nina wiki nzima. Nina darasa la nne la masista. Nitafikiria kitu.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimekipata!

Nilikuwa namlisha Kija uji mkekani. Hataki. Anageuza uso, anavuta gauni langu, anataka ziwa. Mara Mnene hiyooo, inatoka upande wa ziwani. Kija akainua kichwa, "Dege!", mdomo wazi kama chungu. Nikachomeka kijiko. Akameza bila kujua amemeza nini. Cha pili. Cha tatu. Mpaka Mnene inazama nyuma ya mawe, nusu bakuli imekwenda.

Basi mpango ni huu. Kija nitamzoeza kula ndege ikipita tu. Nansio hakuna uwanja wa ndege. Kwa hiyo Kija hawezi kuishi Nansio. Hata Bwana Shauri wa wilaya hawezi kulipinga hilo.

Nilimweleza Mama mkwe kwa adabu, macho chini. Nikasema mama, mjukuu wako ana tabia moja ngumu, asipoona ndege hali. Akaniuliza, na siku za mawingu mnamlisha nini, mawingu?

Hapohapo Panzi ikapita. Mama mkwe akaruka na kanga yake, akamfunika Kija gubigubi, na yeye mwenyewe akainama juu yake. Kumbe kwao kivuli cha ndege kikimpita mtoto utosini, mtoto ataugua na kukakamaa. Ilipokwisha akaniambia ameshajua kwa nini mtoto hanenepi. Mama yake anashinda uani ameachama kama kinda.

Josephat akacheka. Akanicheka mimi!

Jumapili, 26 Novemba

Tumetoka misani, mazoezi yakaanza. Sheria ni moja: hakuna ndege, hakuna kijiko. Kija alilia kidogo. Na mimi nililia kidogo. Nikamnyonyesha nyuma ya mlango ili apate nguvu za kusubiri.

Mwanaharusi alikuwa barazani kwake anashona, anatutazama. Yeye ni mshonaji, cherehani yake iko nje mchana kutwa, kwa hiyo macho yake nayo yako juu mchana kutwa. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Tangu mwezi wa Maulidi anadai aliona ndege yenye mikia miwili. Peke yake! Na sheria ya ua huu tuliiweka wote wawili: ndege haihesabiwi mpaka watu wawili wa ua huu waione. Nilimwambia siku ile kwamba aliona ndege mbili zinafuatana, au alitazama jua. Hajanisamehe. Leo ameniuliza kama namfunga mtoto swaumu.

Jumatatu, 27 Novemba

Ushindi! Ndege leo zilipita kama zimeitwa. Mnene. Panzi, kwenda na kurudi. Halafu ile ya juu sana inayochora mstari mweupe, ambayo mimi naiita Chaki. Kija alikula bakuli lote na kudai zaidi.

Nikamwambia Mama mkwe polepole, mama unaona. Akasema anaona. Anaona mtoto anakula shingo imepinda kama kuku anayekunywa maji.

Lakini jambo moja nimelinasa. Chaki ilipopita, alimfunika Kija kama kawaida, akajifunika na yeye. Kisha upindo wa kanga ukainuka kidogo. Jicho moja likatoka. Likakaa nje mpaka mstari ukafutika.

Jumanne, 28 Novemba

Mvua. Mvua kutoka alfajiri. Mawingu yamelala juu ya mabati, hata mlima wa Bugando hauonekani. Hakuna ndege hata ya dawa.

Kija kafunga mdomo kama kufuli. Uji, hapana. Ndizi, hapana. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, nimemtafunia mwenyewe, hapana. Ananyoosha kidole kwenye dari. "Dege." Nikamfanyia ndege kwa mdomo, vuuuu, nikazunguka chumba mikono nimeitandaza, nikagonga mtungi. Mtoto akanitazama kwa huruma. Mwanangu wa kumzaa!

Mayu, mama wee! Nimemzoeza kweli!

Mama mkwe alijaribu na yeye. Akatemewa kwenye kanga. Akaweka kijiko chini na kusema, kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, kwamba huyu mtoto anaharibika mkononi mwangu na Jumamosi ataondoka naye hata kwa mtumbwi. Halafu akaanza kutandika kitambaa ndani ya kapu. Nguo za Kija zinaenda humo. Kapu jipya lile. Sikuweza kulitazama.

Kija amekunywa maziwa yangu tu leo. Yaani mwanamke ninayetaka kumwonyesha kwamba mtoto anaachishika, ameshinda ananiona namnyonyesha. Mpango una tundu mahali fulani. Nitaliziba kesho.

Jumatano, 29 Novemba

Bado mawingu. Nimeziba tundu, au ndivyo nilivyodhani.

Cherehani ya Mwanaharusi ukisimama nyuma ya ukuta na kusikiliza, inanguruma kama Mnene ikiwa mbali. Nikamwendea. Nikamweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema atasaidia kwa sababu na yeye ni mama. Ila kuna bei. Nikiri kwamba ndege ya mikia miwili ipo na aliiona.

Mikia miwili! Lakini nilimkumbuka Kija na kapu. Nikakiri. Akasema hajasikia vizuri. Nikakiri kwa sauti. Akamwita muuza mkaa aje asikie na yeye.

Basi mchana, Mama mkwe yuko na sisi chumbani, nikabisha mara moja ukutani. Ng'rrrrrr! Safi kabisa. Amepindua debe juu ya meza ya cherehani, mlio umenenepa. Kija, "Dege!", mdomo wazi. Kijiko. Kijiko. Mama mkwe akavuta kanga kichwani. Nikasema moyoni Odeta, wewe ni mtu mwenye akili.

Mara ndege ikasimama.

Ikasimama angani, kabisa! Kimya. Halafu tukasikia sauti ya Mwanaharusi inamwuliza mtu kama mikono anataka mirefu au mifupi. Mteja amekuja. Mama mkwe akatoa kichwa kwenye kanga. Ndege ikaanza tena, ng'rr, ikakata, ng'rr, halafu Mwanaharusi akasema, "Ngoja kwanza shoga, kuna ndege naimalizia hapa."

Mama mkwe akatoka, akazunguka ukuta, akaenda kuiona hiyo ndege. Akarudi. Alikaa, akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtetemeka. Sijui alikuwa analia au anafanya nini.

Na mikia miwili nimeshaikiri. Haifutiki.

Alhamisi, 30 Novemba

Jua limetoka. Mnene ikaja saa yake, Kija akala. Mungu yupo.

Nimebuni kubwa zaidi. Uhuru ni wiki ijayo. Mji wote unapakwa chokaa, na sokoni wanasema siku hiyo ndege saba zitapita juu ya Mwanza zimeshikana mabawa. Nikasema mbele ya Josephat, ili asikie na yeye, kwamba itakuwa vibaya mtoto wa Tanganyika kukosa kuona siku kama hiyo, na labda mama angengoja kidogo, meli zipo kila wiki. Wiki moja tu! Na katika wiki moja nitabuni kingine.

Mama mkwe akasema Uhuru utafika na Nansio. Haujasemwa kwamba ni wa Mirongo peke yake.

Josephat akasema hilo ni kweli. Ningemtupia mwiko.

Lakini baadaye, nachambua dagaa, Mama mkwe akaniuliza bila kunitazama kama hizo saba zitakuwa nene au za mstari. Nikasema nene, mama. Akasema hm. Halafu Panzi ikapita nyuma ya mawe, hatukuiona, tukaisikia tu, na yeye akasema, kama anayejisemea, kwamba hii ya leo inakohoa. Ni kweli ilikuwa inakohoa! Mimi mwenyewe sikuwa nimelisikia hilo!

Akikumbuka Kija yupo, anafunika. Akisahau, anatazama.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimeficha kapu.

Si mpango mkubwa, najua. Nililipandisha juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, lile tunaloanikia mihogo. Nilidhani bila kapu hakuna safari. Mama mkwe hakulitafuta hata kidogo. Alichukua kanga, akazifunga nguo za Kija fundo moja, akamaliza. Nilipopanda kulirudisha kapu nikakuta kuku wa Mwanaharusi ametagia ndani na hataki kutoka.

Jioni nilimwogesha Kija kwenye karai. Nikamsugua polepole, kila kidole. Akanipiga maji usoni akacheka. Nikamwambia kwa Kisukuma mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akasema kwamba na yeye mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na mkwe wake hivyohivyo, na kwamba mtu hafi. Akanipa taulo. Akasema, lakini si rahisi.

Nilimfunga Kija taulo.

Josephat ameomba ruhusa kazini kwake gatini, kesho mchana anakuja na baiskeli kuwapeleka melini.

Jumamosi, 2 Desemba

Naandika yote, kama yalivyokuwa.

Asubuhi sikuwa na mpango wowote uliobaki ila mmoja: Kija ale vizuri, mara moja, mbele ya bibi yake, kabla ya meli. Nikapanda juu ya jiwe ili niione Mnene mapema kabla haijafika, nimpigie kelele Mama mkwe aandae kijiko. Nilimwachia Kija na bakuli. Nikasema mama, nakuja sasa hivi.

Nikatazama upande wa uwanja. Mtupu. Nikageuka upande wa ziwa. Na hapo nikaiona.

Ndege. Nyeupe. Ndogo, lakini si Panzi. Miguuni haina magurudumu. Ina mitumbwi! Mitumbwi miwili, imefungwa chini kama viatu! Na inashuka. Si kwenye uwanja. Inashuka majini!

Nilipiga yowe. Nikamwita Mwanaharusi, nikakumbuka amekwenda Pasiansi kwenye arobaini. Wa kuniamini nani? Na inatua bila mimi! Miguu ikaamua yenyewe. Niliteremka jiwe kwa makalio, nikashika njia ya ziwani, kanga moja, peku upande mmoja. Sokoni watu wanakimbia. Wauza sato wameacha sato. Mzee Chenge, fundi mabati, anakimbia na nyundo mkononi. Tulifika ufukweni ikiwa ndiyo kwanza imegusa, ikapasua maji, ikaruka, ikapasua tena, ikatulia inaelea kama bata! Kama bata anayeatamia mayai! Mlango ukafunguka, mzungu mmoja akatoka akasimama juu ya mtumbwi, akanawa uso ziwani. Akanawa uso! Watu wakapiga makofi.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilizunguka nikaitazama kila upande. Nikahakikisha mkia. Mmoja. Nilibishana na Mzee Chenge kuhusu injini. Ilipoondoka ilitumwagia mawimbi mpaka magotini, tukashangilia tena, tukasubiri labda itarudi.

Halafu gauni likalowa kifuani. Maziwa. Nikashangaa, kwani jua limefika wapi? Na palepale, boooo, meli ikapiga honi. Nikageuka. Meli ya Nansio imeshaachia gati. Inakwenda. Watu wanapunga vitambaa.

Mayu, mayu, mayu.

Nilimwacha mtoto na bakuli nikasema nakuja sasa hivi! Hata kumbusu sikumbusu! Ndege! Nimemuuza mwanangu kwa ndege!

Nilikimbia pembeni mwa maji nikiita. Jina la Kija nililiita mpaka sauti ikakatika. Wavuvi wakadhani kuna mtu anazama. Kisha nikakimbia nyumbani, kwa sababu pa kukimbilia pengine hapakuwepo. Njia yote naapa. Sitatazama juu tena. Nikisikia mlio nitatazama miguu yangu. Mungu ukinirudishia huyu mtoto hata kuku nitamtazama kwa kibali.

Ua kimya. Baiskeli ya Josephat imeegemea ukuta. Josephat ameketi kizingitini, fundo la nguo za Kija mapajani, kidole mdomoni: shii.

Nikachungulia. Mkekani, Mama mkwe amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Na juu ya mkono wake, Kija. Kija wangu! Tumbo limevimba kama ngoma, ugali umekauka kidevuni, mkono umeshika sikio la bibi yake.

Nikakaa chini uani palepale.

Josephat alinong'ona kwamba alipofika kuwachukua alimwamsha mama yake. Mama yake akafungua jicho moja akamwuliza amwamshe mtoto aliyelala hivi kwa ajili ya meli, kwani meli ni ya nani, ya babake? Akalala tena.

Walipoamka nikapata habari yote. Kija aliusubiri uji wa ndege, ndege haikuja, mimi sikuja. Akalia. Akatafuta ziwa, halikuwepo. Akalia tena. Mama mkwe alikuwa ameketi zake anakula ugali na sato. Kija akatambaa, akachukua tonge kwenye sahani ya bibi yake, akala. Akachukua lingine. Wakamaliza sato wote wawili na kichwa wakafyonza. Hakuna aliyetazama juu. Mnene ikapita katikati ya mlo, na Kija akainyooshea mfupa, akaendelea kutafuna.

Mama mkwe akanitazama. Nilikuwa na matope mpaka magotini. Akasema mtoto haachishwi kwa kuvushwa maji. Anaachishwa kwa mama yake kumtoka machoni mchana. Na kwamba yeye kwa macho yake ameona wiki hii kwamba mtoto hana ubishi wowote, mbishi ni mama. Akasema Kija atabaki, na yeye atabaki kidogo, na mimi kila asubuhi nitafute pa kwenda.

Nikalia. Nikamshika miguu. Akanivumilia, kisha akaniondoa mikono na kuniuliza, kwa hasira kweli, kama ni kweli anayosikia majirani wanasema, kwamba kuna ndege imetua juu ya maji kama bata, nami nikaenda kuitazama, na yeye nikamwacha hapa ameshika mwiko?

Nikasema ndiyo, mama.

Akasema haondoki Mwanza mpaka irudi.

Jumapili, 3 Desemba

Mwanaharusi amerudi kutoka arobaini. Nilimsubiri mlangoni. Nikamwambia yote, mitumbwi, bata, mzungu kunawa uso. Akatega sikio, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono na kuniuliza kama nimemeza klorokwini. Ndege yenye mitumbwi miguuni! Nikasema soko zima limeiona. Akasema soko si ua. Sheria ni watu wawili wa ua huu. Akaongeza kwamba labda nilitazama jua.

Maneno yangu yaleyale! Alikuwa ameyaweka akiba!

Hapo Mama mkwe, anayepepeta mchele pembeni, akasema na yeye ameiona.

Mwanaharusi akamgeukia. Shikamoo alishaitoa alipoingia, na mkubwa haambiwi mwongo. Akauliza ilikuwa rangi gani. Mama mkwe akasema nyekundu.

Ilikuwa nyeupe. Nyeupe pe kama kanzu.

Nikasema ndiyo, nyekundu. Ikaingia kwenye hesabu, ndege nyekundu ya mitumbwi, mashahidi wawili. Mwanaharusi akarudi kwenye cherehani yake akaikanyaga kwa nguvu. Mama mkwe akaendelea kupepeta. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ndogo ilikuwa rangi gani hasa. Nikamwambia. Akasema hm, nyekundu ingependeza zaidi.

Nampenda huyu mwanamke. Sikutarajia.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru! Bendera kila mahali, mpaka kwenye baiskeli ya Josephat, mpaka shingoni mwa kuku wa Mwanaharusi. Ngoma tangu alfajiri. Tumevaa mpya sote. Mwanaharusi alituletea sahani ya pilau na kumshonea Kija gauni la kijani, mabaki ya kitambaa cha mteja, mikono mirefu.

Ndege saba hazikuja. Tulizisubiri uani tangu asubuhi, Mama mkwe juu ya jiwe la mihogo, kwenye kigoda, na mwavuli. Hilo jiwe sasa ni lake. Ikipita ndege yeye ndiye anayesema ni ipi na kama inahesabiwa. Kija hafunikwi tena. Nilipouliza habari ya kivuli, akasema kivuli cha ndege ya Uhuru hakidhuru. Na Panzi? Akasema nisimchoshe. Mwishowe Mnene ikapita kama siku zote, tukaipigia makofi, na yeye akaamua kwamba hiyo moja ilikuwa kubwa kiasi cha saba.

Kija haombi ziwa tena mchana. Anakula kila kitu, chini ya ndege, bila ndege. Mimi kifua kinauma bado kidogo, na moyo pia kidogo, lakini usiku analala kwangu, na sikio analoshika ni langu. Hayuko ng'ambo ya maji. Yuko hapa, ananuka pilau. Nashukuru mpaka sijui nimshukuru nani kwanza.

Josephat ameniuliza nimejifunza nini wiki hizi mbili. Swali la ajabu. Nimejifunza kwamba mpango wangu wa ndege ulifanya kazi. Ulichelewa tu kidogo mahali fulani katikati. Nilitaka mtoto abaki, mtoto amebaki. Akacheka mpaka akakohoa. Hajui mambo.

Sasa limebaki jambo la kopo. Kija bado anajisaidia popote anapotaka, leo kwenye kiatu kipya cha babake. Mama mkwe anasema wakati ukifika atakaa mwenyewe. Labda. Lakini leo mchana nimemkalisha juu ya kopo, mara treni ikapiga filimbi kule stesheni, Kija akashtuka, na papo hapo kazi ikafanyika! Kamili!

Basi kuanzia Jumatatu, kopo ni wakati wa filimbi tu. Hakuna filimbi, hakuna kopo. Safari hii hakuna tundu lolote. Mvua ikinyesha treni inakuja vilevile, na treni haichelewi.